Kiboko cha Karani

Tuliteremka kutoka Maguu nikiwa nimekipakata kiboko cha babu, kimefungwa kwenye khanga ya marehemu mama. Baba alikaa mbele kando ya dereva, amevaa koti lake la kuendea harusi za watu. Alikuwa na haja moja tu duniani: jina la baba yake liandikwe ukutani katika nyumba ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa enzi za wakoloni, kule kisiwani, kabla yeye mwenyewe hajaingia kaburini.

Katekista wetu ndiye aliyemtia kiherehere hicho. Alikwenda kisiwani na safari ya parokia, akarudi na habari kwamba ile nyumba ya wakoloni, iliyokaa miaka na miaka ikichafuliwa na popo, imekarabatiwa na kufanywa makumbusho. Ndani kuna ukuta wenye majina ya Waafrika waliofanya kazi pale: mpishi, dobi, mbeba maji, mtunza bustani. Tena wenyewe wanaomba familia zenye majina au vifaa vya zamani zivipeleke. Tangu siku hiyo baba hakutupa nafasi ya kupumua. Kama dobi ameandikwa, alisema, mtu wa kufua suruali za ndani za Mzungu, itakuwaje karani asiwemo?

Maana babu, kwa maelezo ya baba, alikuwa karani wa Bwana Shauri. Maelezo hayo yalirudiwa nyumbani kwetu kuliko Injili. Kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo walipokula pamoja, baba alipewa mnofu wa kwanza kwa heshima ya ukarani wa marehemu. Kukiwa na ugomvi wa mpaka wa shamba la kahawa, baba hakuleta ushahidi, alileta ukarani. Na ushahidi wa ukarani wenyewe ulikuwa ukutani sebuleni, kati ya picha ya Bikira Maria na kalenda ya chama cha ushirika: kiboko cha ngozi nene iliyosokotwa, urefu wa mkono wa mtu mzima, mpini umezungushiwa waya wa shaba mara tatu. Bwana Shauri alimkabidhi kwa mkono wake mwenyewe, baba alisema, kiwe alama ya kazi. Hakuna aliyewahi kuuliza karani anaandika nini kwa kiboko. Wala hakuna aliyeuliza inakuwaje mtoto wa karani hajui kusoma.

Kwa kuwa hakujua kusoma, macho ya kusomea yalikuwa yangu. Kila Jumamosi jioni nilimsomea masomo ya Misa ya kesho yake. Alikaa kwenye kigoda, kiboko kimelala magotini, na kila nilipojikwaa alikunja kidole kimoja. Mwisho wa somo, baada ya kusema Tumshukuru Mungu, tulimaliza hesabu ya vidole. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na alinikunja kweli. Waalimu wangu walishangaa nilivyosoma vizuri kuliko watoto wa mjini. Nilisoma vizuri kama mtu anavyokimbia vizuri akifukuzwa na mbwa.

Vitu vingine vya kuchapiwa vilikuwapo. Mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha milimani, niliyoyachimba kombo kwenye mteremko, buni zilizoloa mvua, mtungi uliopasuka. Siku moja kwa hasira alikigeuza kiboko akanipiga kwa upande wa mpini, na mpaka leo nyuma ya mguu wangu wa kulia kuna mistari mitatu iliyolala sambamba, ya waya ule. Nina miaka hamsini na nane. Bado navaa gauni refu.

Kipigo cha mwisho nilikipata nikiwa chuo cha ualimu, nilipopata mimba na aliyenipa akaingia mitini. Ilikuwa mimba ya miezi mitano. Mama alilala juu yangu ili vingine vimpate yeye. Mtoto alipozaliwa, wa kiume, baba alikuja akasimama mlangoni, akatangaza kwamba huyu ni wa nyumba hii na kwamba amempa jina la marehemu baba yake, lake na la ukoo, yote mawili, bila kupunguza. Hiyo ndiyo ikawa samahani yangu. Nililia kwa furaha, mjinga mimi.

Sasa, kwetu mtoto akirithi jina la babu yako humwiti kwa jina hilo. Huwezi kusimama uani ukaliita jina la babu yako kama unaita mbuzi. Mwanangu tulimwita Babu tangu ananyonya, na mpaka leo, ana mke, anafundisha sekondari Matiri, mimi namwita Babu. Wanafunzi wanamwita Mwalimu. Jina lenyewe lilibaki kwenye vyeti, na vyeti vilibaki kabatini. Naandika hili mapema ili msije mkafikiri nilifanya makusudi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba lina mtu.

Tulifikia Mbaha kwa mama mdogo, aliyeolewa ziwani na Mwanglikana. Baba alikula ugali wake na usipa, dagaa wa ziwani kwao, huku akimtania kwamba Waanglikana waliiba Misa yetu wakasahau kumwiba Papa. Mama mdogo, ambaye hana deni la maneno kwa mtu, alimjibu kwamba wa milimani hata wakishuka ziwani huoga kwa bakuli. Wakacheka. Baba alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo. Alimwomba mama mdogo ampigie pasi koti.

Asubuhi tulivuka kwa boti ya injini. Macho ya baba yana mtoto wa jicho muda mrefu, anaona mwanga na vivuli tu, lakini alijua tunakaribia kwa sauti ya maji yakipiga mawe. Gati hakuna, na boti haigusi mchanga. Mwenye boti alishuka majini, akampandisha baba mabegani, akavuka naye. Baba alikaa kule juu, kofia mkononi, mguu mmoja kila upande wa shingo ya mtu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Bwana Shauri naye alikuwa anabebwa hivihivi. Mwenye boti aliendelea kupiga hatua majini. Alimtua pole pole kuliko nilivyotegemea.

Nyumba iko juu ya mwamba, mawe matupu, baraza pana pande zote, madirisha yanalitazama ziwa. Ni nzuri, sitadanganya. Mwongozaji alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa ufukweni, kitenge na raba. Alipiga goti akamwamkia baba shikamoo mzee, akatuunganisha na kundi la kina mama wa parokia moja ya huko Mbinga waliokuwa wametangulia. Kabla hatujavuka kizingiti baba alikwisha kuwaambia wote kwamba yeye si mgeni hapa, baba yake alikuwa karani katika nyumba hii. Kina mama walimpigia vigelegele. Mwongozaji alitabasamu, akasema karibu nyumbani, mzee.

Tuliona kitanda cha Bwana Shauri na chandarua chake. Tuliona bafu la chuma lenye miguu ya simba, ambalo maji yake yalipandishwa kutoka ziwani kwa vichwa vya watu. Tuliona santuri, kofia ngumu, seti ya chai, kiti cha kukalia haja. Kila kibao nilimsomea baba, yeye akiwa ameshika kiwiko changu, kichwa amekiinamisha vilevile kama Jumamosi za zamani. Nilipojikwaa kwenye jina moja la Kizungu, kidole chake kilijikunja kwenye mkono wangu. Sidhani alijua kwamba amekikunja. Mimi nilijua, na mguu wangu ukawasha.

Ukuta wa majina uko ukumbini. Nilisoma mpishi, dobi, mbeba maji, mtunza bustani, yaya, mwenye ngalawa. Karani hakuwepo. Baba alipapasa ukuta kwa kiganja akitafuta mahali pa wazi, akapaonyesha, hapa patatosha. Mwongozaji akasema tumalize kwanza kuzunguka, chumba kimebaki kimoja, kisha tutakaa chini tuandike taarifa zake vizuri.

Hicho chumba kimoja kilikuwa nyuma, kando ya ghala. Hakina dirisha. Katikati kuna benchi refu la mbao lililochimbika kati kama kitako cha kinu, na ukutani kuna picha moja kubwa. Kina mama waliingia wakipiga soga, kisha mmoja mmoja wakafanya ishara ya msalaba.

Kwenye picha mtu amelala kifudifudi kwenye benchi lilelile. Wawili wamemshika mikono na miguu. Wa nne amesimama, kaptula na mkanda, kiboko amekiinua juu ya bega, na uso ameugeuza kwa mpiga picha, anatabasamu. Masikio yake yamekaa wazi kama ya baba. Paji la uso ni langu. Na kwenye mpini wa kiboko, kwa kuwa picha imekuzwa sana, unaona waya umezunguka mara tatu. Sikuhitaji kuangalia mara ya pili. Ile mistari naijua kuliko viganja vyangu.

Baba aliuliza hapa wanasema nini. Alikuwa bado ana uso wa sherehe.

Ningeweza kudanganya. Hata leo nikifua, nikipalilia, nikisahihisha madaftari, nayatunga maneno ambayo ningeyasema: ni picha ya mlima, baba, ni picha ya mazishi ya chifu. Asiyeona anaongozwa anakopelekwa. Ningemtoa nje, wangeandika karani, tungekunywa chai ya mama mdogo tukapanda mlima. Lakini nilikuwa na kiboko chenyewe kwapani, na mbele yangu kulikuwa na maandishi, na nyuma yangu kundi la watu. Miaka hamsini nilikuwa nasoma kwa ajili ya mtu huyu nikiogopa vidole vyake. Siku ile nilitamani kusoma.

Nikasoma, kwa sauti ya darasani:

“Tarishi wa Bwana Shauri akiwachapa waliokosa kodi ya kichwa na waliotoroka kubeba mawe ya kujengea nyumba hii. Jina lake halijulikani.”

Sikujikwaa hata kidogo. Halafu nikafungua khanga ya mama, nikakilaza kiboko juu ya benchi, chini ya picha, ili kila mtu alinganishe waya na waya.

Mama mmoja wa parokia alisema Yesu na Maria, basi. Mwongozaji alikitazama kiboko, akaitazama picha, akamtazama baba masikio. Hakuuliza kama ni chetu. Aliniuliza mimi, kwa upole, kama ninalijua jina.

Mkono wa baba ulinibana kiwiko. Hakuwa anaona picha, lakini alisikia nilivyosoma, akasikia mlio wa ngozi kwenye mbao, mlio anaoujua. Akaniinamia sikioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemjua.

“Mwanangu, nakuomba. Usitaje.”

Katika maisha yake yote baba hakuwahi kuniomba kitu. Hata maji ya kunywa aliyaamuru. Niseme ukweli nilichosikia moyoni: nilisikia utamu. Nilimkumbuka mama alivyolala juu yangu, na jinsi alivyosema nakuomba baba fulani, nakuomba, na vidole vilivyoendelea kuhesabu.

Nikataja. La kwake na la ukoo. Mwongozaji alipotoa daftari nilimtajia herufi moja moja, kama ninavyowatajia watoto wa darasa la pili, nikasubiri aandike, nikamsahihisha alipokosea. Mkono wa baba ulitoka kwenye kiwiko changu. Alibaki amesimama katikati ya chumba bila cha kushika, na hakuna aliyemsogelea.

Mwongozaji alimaliza kuandika ndipo akasema lake. Hakulisema kwa ubaya. Alisema bibi yake aliwasimulia kwamba waliochapwa pale walitakiwa kusema asante bwana, kisha warudi kwenye mawe, na kwamba babu yake alitembea ameinama tangu siku hiyo mpaka kufa. Kwao walijua tu kwamba aliyemchapa alikuwa mtu wa milimani mwenye masikio makubwa.

“Tumemtafuta siku nyingi,” akasema. Kisha akamshika baba mkono, akamtoa nje taratibu, akamtafutia kiti barazani na maji ya kunywa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuona haya, lakini haya yenyewe ilikuwa bado changa.

Mwenye boti alimpandisha baba mabegani tena. Safari hii baba hakusema chochote kuhusu Bwana Shauri. Tulikaa botini uso kwa uso, khanga ya mama mapajani mwangu, tupu. Nilitegemea alie au anilaani, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Tulipofika katikati ya maji akaniuliza kama niliwapa na jina la ukoo. Nikasema nimewapa. Akauliza kama nimewatajia herufi sawasawa. Nikasema sawasawa.

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu.

“Basi umemwandika Babu.”

Sikumwelewa. Nilidhani uzee. Nilitaka kumwambia ndiyo, si ndiye tuliyekwenda kumwandika, babu, baba yako. Halafu nikamwona akicheka, kicheko kidogo cha puani, macho yake meupe yameelekea nisipokuwepo, nikaelewa Babu yupi: yule niliyemnyonyesha. Nilishika ukingo wa boti. Mwenye boti akaniuliza kama ziwa linanichafua moyo, nikamwambia ndiyo.

“Baba yangu alinichapa nacho mimi kabla sijakuchapa wewe,” baba akasema. “Unafikiri nilikuwa sijui ni cha kazi gani? Wewe ndiye uliyesoma.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Hiyo nimewafundisha watoto wa watu miaka thelathini. Sikurudi kisiwani wiki ile kwa sababu ya aibu. Niliporudi, peke yangu, mwezi ulikuwa umepita, na kibao kipya kilikwisha kupigiliwa chini ya picha. Kiboko kimewekwa kwenye sanduku la kioo. Jina limeandikwa kwa herufi kubwa nyeusi, safi, halina kosa. Nilimwomba mwongozaji aliondoe, hata abakize la kwanza tu afute la ukoo. Nilimweleza kuhusu mwanangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniandalia na chai. Kisha akasema waliolala kwenye benchi lile hawana majina hata moja ukutani, na kwamba la mwenye kiboko nililitaja mwenyewe, herufi moja moja, mbele ya watu.  Chai yake ilikuwa tamu sana, nikaimaliza.

Baba yuko hai. Mbaya zaidi, ana furaha. Akija mtu kumwamkia anamwambia jina la baba yake limeandikwa kisiwani katika nyumba ya Bwana Shauri, waliandika wenyewe. Wasiofika huko wanampa hongera. Waliofika wanatazama chini. Ukutani sebuleni, kati ya Bikira Maria na kalenda, kimebaki kipande cha chokaa ambacho moshi haukukifikia, umbo la kiboko.

Mwanangu sikumwambia. Aliponipigia simu kwamba shule inawapeleka wanafunzi wa historia kisiwani na yeye ndiye atakayewaongoza, nilimwambia ziwa limechafuka msimu huu. Alinicheka, akasema mama, waalimu wenzangu wa ufukweni ndio wenye kulijua ziwa. Nikasema haya, Babu, safari njema. Nilikata simu nikakaa jikoni mpaka moto ukazimika.

Alikuja Jumapili baada ya Misa, peke yake, hakuja na mkewe. Alikunywa maji. Alinieleza kwa utaratibu, kama anatoa taarifa ya wizara: kwamba binti mmoja wa kidato cha pili alikisoma kibao kwa sauti, vizuri kabisa, hakujikwaa, na alipofika kwenye jina darasa zima liligeuka likamtazama mwalimu wao. Kwamba mwongozaji, alipoulizwa habari hizi zilitoka wapi, alisema zililetwa na mwalimu mmoja wa kike wa Maguu. Kwamba tangu Jumatatu wanafunzi wakimwona na fimbo ya kuonyeshea ramani, wanacheka.

Hakunipandishia sauti. Laiti angenipandishia. Nilinyoosha mkono nikamwita Babu, nikitaka kuanza kumweleza, kuhusu mguu wangu, kuhusu bibi yake, kuhusu vidole.

“Hilo usiniite tena, mama,” akasema. “Mimi nina jina. Niite hilo.”

Nimejaribu. Nimejaribu hata nikiwa peke yangu shambani, kati ya mikahawa, hapana mtu. Linafika kwenye meno linarudi. Nililitaja mara moja, kwa ukamilifu, mbele ya mashahidi, na inaonekana nililimaliza. Nina mtoto mmoja, anakuja mara mojamoja, ananisalimu vizuri, ananiletea sukari na sabuni. Namwita wewe.